Mashine ya Moyo na Mapafu, na Ubongo wa Mgonjwa

Ndugu wasikilizaji wa Shinyanga na Geita, mwenye kalamu aishike. Somo la leo ni historia ya mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, na jinsi inavyoweza kuuokoa ubongo au kuudhuru.

Kwanza fahamuni kwamba ubongo ni mdogo. Katika kilo 50 za mwili, ubongo ni kama kilo moja tu. Lakini hula karibu sehemu moja katika tano ya oksijeni yote tunayoitumia, wala hauna akiba. Moyo ukisimama, baada ya dakika nne au tano hivi ubongo huanza kuharibika, na sehemu iliyokufa haioti tena.

Kwa hiyo zamani daktari hakuweza kuusimamisha moyo muda mrefu ili autengeneze. Mwaka 1931 Daktari John Gibbon wa Marekani alimwona mgonjwa akifa kwa damu iliyoganda mapafuni, akaanza kutafuta njia. Yeye na mkewe, Mary, walifanya majaribio kwa paka. Tarehe 6 Mei 1953 alimpasua moyo msichana wa miaka 18. Kwa dakika 26 mashine ilishika kazi ya moyo na mapafu yake, naye akapona.

Ninyi mnaijua pampu ya kuvuta maji katika duara la dhahabu. Mashine hii nayo huvuta damu mwilini, huitia oksijeni, kisha huirudisha. Mwaka 1971 huko Marekani mashine ya namna hii ilimsaidia kijana aliyeumia vibaya kwa siku tatu, naye akapona.

Lakini damu ikipita katika mipira hutaka kuganda. Bonge likifika ubongoni huziba mshipa. Basi mgonjwa hupewa dawa ya kuzuia damu isigande. Nayo ikizidi, mshipa wa ubongo waweza kuvuja. Kwa sababu hiyo damu yake hupimwa mara kwa mara.

Zamani wagonjwa wetu wengi wa moyo walipelekwa India. Mwaka 2008 upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili, Dar es Salaam, na mwaka 2015 ikaanzishwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Hata hivyo, Dar es Salaam ni mbali na duara, na mashine haifufui ubongo uliokwisha kufa. Moshi wa pampu ya petroli una hewa ya sumu isiyo na harufu, inayoinyima damu oksijeni. Basi msiiwashe pampu hiyo shimoni. Mwenzenu akianguka humo, msimfuate kabla ya kupeleka hewa safi, msije mkafa wawili. Akitolewa naye hapumui, abonyezwe kifua na kupuliziwa pumzi papo hapo, huku gari likitafutwa.

Maswali ya darasa:
1. Kwa nini Daktari Gibbon alihitaji mashine?
2. Taja hatari mbili zinazoupata ubongo wa mgonjwa aliye kwenye mashine.
3. Katika duara lenu, hewa safi hupelekwaje chini?

Kwaherini.