Head of State: Kichekesho Kilichokuja Nyuma ya Historia

Tarehe 28 Machi 2003 ilitoka Marekani filamu ya vichekesho iitwayo Head of State, ya kwanza kuongozwa na mchekeshaji Chris Rock, ambaye pia aliiandika pamoja na Ali LeRoi na kuigiza mhusika mkuu. Rock ni Mays Gilliam, diwani Mweusi wa mtaa wa watu maskini jijini Washington. Mgombea urais wa chama chake na mgombea mwenza wanakufa kwa ajali ya ndege katikati ya kampeni, na wakubwa wa chama wanamsimamisha Gilliam, mtu asiyejulikana na asiyetarajiwa na yeyote. Mwaka 2008 Barack Obama alishinda urais, na tangu hapo wapo wanaoisifu filamu hiyo kwa utabiri. Sifa hiyo haiistahili. Katika suala la Mmarekani Mweusi na urais, sinema ilikuwa ikiwafuata wananchi kwa nyuma. Thamani ya Head of State iko kwingine: inaeleza kwa nini chama humteua mtu huku kikiomba ashindwe.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1933 ilitoka filamu fupi ya muziki na vichekesho, Rufus Jones for President, ambamo Sammy Davis Jr., mtoto wa miaka 7, anakuwa rais. Lakini anakuwa rais katika ndoto ya mama yake, aliyeigizwa na Ethel Waters, na wapiga kura Weusi wanaonyeshwa wakivutiwa kwa vipande vya nyama ya nguruwe. Hiyo ilikuwa dhihaka kwa watu ambao, katika majimbo ya kusini, walizuiwa kupiga kura kwa kodi, mitihani ya kusoma na vitisho. Mwaka 1972 ikaja The Man, ambayo si kichekesho. Humo James Earl Jones ni seneta anayeupata urais kwa sababu Rais na Spika wameangukiwa na jengo, na Makamu wa Rais ni mgonjwa. Ukiongeza ajali ya ndege ya mwaka 2003, mwelekeo unaonekana wazi. Kwa miaka 70 waandishi hawa walimfikisha Mweusi kwenye urais, au kwenye kinyang’anyiro chake, kwa njia ya ndoto au maafa. Hawakudiriki kumwonyesha akijiandaa, akitangaza nia na kuomba kura kama wagombea wengine.

Wakati huohuo, nje ya sinema watu walikuwa wakifanya hayo hasa. Sheria ya Haki ya Kupiga Kura ya mwaka 1965 iliwafungulia mamilioni ya Weusi daftari la wapiga kura. Januari 1972, mwaka uleule wa The Man, Shirley Chisholm, mwanamke Mweusi wa kwanza kuingia katika Bunge la Marekani, alitangaza nia ya kugombea urais kwa tiketi ya chama cha Democratic, na katika mkutano mkuu wa Miami Beach alipata kura za wajumbe 152. Jesse Jackson alifuata mwaka 1984, kisha akarudi mwaka 1988 na kupata karibu kura milioni 7 katika mchujo. Kwa hiyo mwaka 2003 mgombea Mweusi hakuwa jambo la kubuni. Alikuwa na historia ya zaidi ya miaka 30, na Rock alikuwa na hadithi halisi za kuchota.

Wazo la filamu yenyewe lilitoka kwenye historia hiyo ya karibu. Rock ameeleza kwamba alifikiria uchaguzi wa mwaka 1984, Walter Mondale alipomteua Geraldine Ferraro kuwa mgombea mwenza dhidi ya Ronald Reagan, aliyeonekana hashindiki, kwa matumaini ya kuvuta kura za wanawake. Hapo ndipo filamu inapochoma. Seneta Bill Arnot, aliyeigizwa na James Rebhorn, anamchagua Gilliam akijua atashindwa: chama kisifiwe kwa kumpa Mweusi nafasi, naye Arnot aje agombee mwaka 2008. Gilliam anasomeshwa hotuba za watu wengine mpaka kaka yake Mitch, aliyeigizwa na Bernie Mac, anapomhimiza aseme ya moyoni. Anapoanza kuzungumzia watu wanaofanya kazi mchana na usiku na bado ni maskini, umma unamsikiliza. Hoja ya filamu ni nzito: mgombea wa mapambo huwa tishio siku anapoacha kusema aliyoandikiwa.

Wapo watakaosema kwamba sinema ilizoesha macho ya wapiga kura, na kwamba bila marais Weusi wa kwenye skrini Obama asingekubalika. Sikatai kwamba picha hujenga mazoea. Lakini mazoea hayaandikishi wapiga kura. Mwaka 1992 Obama aliongoza kampeni ya kuandikisha wapiga kura jijini Chicago. Akaingia Seneti ya jimbo la Illinois mwaka 1997, akahutubia mkutano mkuu wa chama jijini Boston mwaka 2004, na Januari 2008 akashinda Iowa, jimbo ambalo idadi kubwa ya wakazi wake ni Wazungu. Hakuna ajali ya ndege katika safari hiyo. Wengine watasema hiki ni kichekesho tu, kisipewe uzito wa historia. Lakini kichekesho hutegemea kile ambacho watazamaji wanakiona kuwa hakiwezekani, na kwa hiyo ni ushahidi mzuri wa mipaka ya fikra za wakati wake.

Hili linatuhusu hata sisi. Kenya, nchi ya baba yake Obama, ilitangaza tarehe 6 Novemba 2008 kuwa sikukuu ya taifa kusherehekea ushindi wake, na ni rahisi kuukumbuka ushindi huo kama muujiza. Haukuwa muujiza. Ulijengwa na Chisholm, na Jackson, na maelfu waliosimama kwenye foleni za kujiandikisha. Itazameni Head of State, mcheke, lakini mkimwona mgombea asiyetarajiwa, ulizeni kwanza nani amemteua na kwa faida ya nani.