Redio ya Taifa na Nafasi ya Msikilizaji Kujibu: Kiswahili katika Utangazaji wa Tanzania na Uganda, 1973

Ikisiri

Makala haya yanalinganisha matumizi ya Kiswahili katika redio za serikali za Tanzania na Uganda mwaka 1973. Katika mwaka huo Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na Uganda ikakitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa kwa amri. Makala yanatetea hoja kwamba chombo cha dola hakikuzi lugha kwa wingi wa saa za matangazo pekee, bali kwa kumpa msikilizaji nafasi ya kujibu kwa lugha hiyo hiyo.

1.0 Utangulizi

Historia za Kiswahili cha karne ya 20 huitaja redio ya taifa mara kwa mara, lakini aghalabu huichukulia kama bomba: lugha hutoka studioni ikiwa safi, ikamfikia kila mwenye chombo cha kuipokea. Kwa mtazamo huo, kilichobaki kwa mtunga sera ni kuongeza mitambo na saa za matangazo. Laiti mtazamo huo ungetosha, redio mbili zilizokuwa chini ya serikali, katika nchi mbili jirani na katika mwaka mmoja, zingekiletea Kiswahili matokeo yanayokaribiana. Haikuwa hivyo, na sababu zake zinastahili kuchunguzwa.

2.0 Vyombo viwili, misingi miwili

Kituo cha redio cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1951 kwa ajili ya wakazi wa mji huo. Mwaka 1956 liliundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 serikali ikalivunja na kuanzisha Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD) chini ya wizara moja kwa moja. Matangazo kwa wananchi yalikuwa kwa Kiswahili. Lugha za jamii mbalimbali hazikupewa nafasi hewani. Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Msikilizaji aliyejua Kigogo au Kihaya pekee alitakiwa aifuate redio, nayo redio haikumfuata.

Uganda ilichukua njia nyingine. Utangazaji ulioanza mwaka 1954 ulitumia Kiingereza na Kiganda, na baadaye lugha nyingi za nchi ziliongezwa. Mpango huo uliwaheshimu wasikilizaji kwa lugha zao, lakini uliiacha hewa ya taifa bila ukumbi mmoja wa Kiswahili. Tena Kiswahili kilikuwa na historia ya kupingwa: mwaka 1929 Kabaka Daudi Chwa alipinga hadharani juhudi za serikali ya kikoloni za kukipa nafasi rasmi. Kilistawi katika jeshi lililorithiwa kutoka King's African Rifles, katika polisi na miongoni mwa wafanyabiashara na vibarua. Kwa raia wengi, kilikuwa lugha ya mtu mwenye sare.

3.0 Mtu ni Afya: redio inayosubiri jibu

Rais Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kampeni za redio zilifuatana: Uchaguzi ni Wako mwaka 1970, Wakati wa Furaha mwaka 1971 katika kuadhimisha miaka 10 ya uhuru, kisha Mtu ni Afya mwaka 1973. Hii ya mwisho iliwafikia watu wazima takriban milioni 2 kwa muda wa wiki 12.

Idadi hiyo hutajwa sana. Utaratibu wenyewe hutajwa kidogo, ingawa ndio wenye somo. Wanakijiji walikusanyika katika kikundi chenye kiongozi aliyepewa mafunzo. Walisikiliza kipindi pamoja, wakasomewa sehemu ya kijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba choo, kuchemsha maji ya kunywa, kufyeka majani na kufukia mazalia ya mbu. Malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu viliacha kuwa mambo ya zahanati pekee vikawa mada za mjadala chini ya mwembe.

Kwa mtafiti wa lugha, mpangilio huu una maana kubwa. Istilahi iliyotamkwa na mtangazaji haikuishia sikioni. Ilisomwa, ikaulizwa maana, ikatumika kumshawishi jirani anayesita kuchimba choo. Mtu aliyezoea kutoa hoja nzito kwa Kisukuma au Kimakonde alijikuta akitoa hoja ya afya kwa Kiswahili, hata kama alichanganya na lugha ya nyumbani. Pia redio haikutembea peke yake: iliambatana na madarasa ya kisomo, katika kipindi ambacho idadi ya watu wazima waliojua kusoma na kuandika ilipanda kutoka takriban asilimia 33 mwaka 1967 hadi asilimia 61 mwaka 1975.

4.0 Amri ya Agosti

Nchini Uganda, mwaka huo huo, serikali ya Idi Amin iliwaita wawakilishi wa wilaya kuamua lugha ya taifa. Wilaya 12 ziliunga mkono Kiswahili na 8 Kiganda. Mwezi Agosti ikatolewa amri ya kukifanya Kiswahili lugha ya taifa, na Kiswahili kikapewa nafasi katika redio na televisheni ya serikali.

Hapo ndipo safari ilipokwama. Amri haikufuatwa na walimu wa kutosha, vitabu wala mitaala. Kiingereza kiliendelea kutawala shule na ofisi. Raia alikisikia Kiswahili kutoka sehemu mbili, redioni na kwenye vizuizi vya barabarani, na kote kuwili alitakiwa kutii. Lugha ambayo msikilizaji hana mahali pa kuitumia kwa shauri lake mwenyewe hubaki mali ya anayeitamka. Baada ya utawala huo kuanguka mwaka 1979, Kiswahili kilirithi kumbukumbu ya hofu. Katiba ya mwaka 1995 ilikitambua Kiingereza pekee kuwa lugha rasmi, na ilibidi kungoja marekebisho ya mwaka 2005 ndipo Kiswahili kiwe lugha rasmi ya pili.

5.0 Upande wa pili wa RTD

Itakuwa kosa kuhitimisha kwamba Tanzania ilikuwa na redio ya mazungumzo na Uganda redio ya amri. Septemba 1973 mkutano mkuu wa TANU uliazimia kwamba watu wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja kufikia mwisho wa mwaka 1976, na Novemba Rais akatamka kwamba kuishi vijijini ni amri. Chombo kile kile, kwa Kiswahili kile kile, kikawa mhimili wa uhamasishaji wa Operesheni Vijiji. Familia zilizohamishwa kwa nguvu hazikuwa na kikundi cha kupokea hoja zao. Hata katika Mtu ni Afya, ajenda ilipangwa Dar es Salaam; kijiji kilijadili namna ya kutekeleza, si cha kutekeleza. Tofauti tunayoieleza basi haiko kati ya nchi mbili, bali kati ya namna mbili za kumweka msikilizaji, na nchi moja yaweza kuzitumia zote ndani ya miezi michache.

6.0 Hitimisho

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Rwanda nayo ilikipa hadhi rasmi mwaka 2017. Mashirika ya utangazaji ya nchi hizi yataombwa kuongeza vipindi vya Kiswahili, na kipimo rahisi kitakuwa saa za matangazo.

Tunapendekeza vipimo vitatu vingine. Kwanza, je, kipindi kina mahali pa msikilizaji kujibu, iwe kikundi, darasa au simu ya studio? Pili, je, kuna maandishi na mwalimu wa kuandamana nacho? Tatu, je, jibu la msikilizaji laweza kubadili chochote katika yanayotangazwa baadaye? Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilitimiza viwili vya kwanza, na Kiswahili kikanufaika. Amri ya Kampala haikutimiza hata kimoja. Cha tatu hakikutimizwa na upande wowote, na ndicho deni ambalo redio za taifa za kanda hii bado hazijalilipa.