Minikompyuta Kabla ya 1965: Ushahidi wa LINC

Vitabu vingi vya historia ya kompyuta huanza habari za minikompyuta mwaka 1965, kampuni ya Digital Equipment Corporation (DEC) ilipoitoa PDP-8 kwa dola 18,000. Hoja yao ni ya sokoni: ukoo mzima wa PDP-8 uliuzwa zaidi ya mashine 50,000, na hakuna iliyoitangulia iliyofikia hata robo ya hapo. Wapinzani nao huitaja CDC 160 ya Seymour Cray, iliyojengwa ndani ya meza ya ofisi mwaka 1960, au PDP-5 ya 1963. Basi hapo watu hukesha wakibishania bei, uzito na idadi ya biti. Mimi naona ni ubishi wa madalali. Swali la maana ni lingine: ni lini mtu mmoja alikaa mbele ya kompyuta ikawa yake, bila foleni, bila kumkabidhi karani kadi zake na kurudi kesho yake kuchukua majibu?

Habari za kuanzishwa kwa DEC zenyewe zinajulikana: Ken Olsen na Harlan Anderson, mtaji wa dola 70,000, kiwanda cha zamani cha sufi mjini Maynard, Massachusetts, mwaka 1957. Tusipoteze nafasi hapo.

Twende kwa waliofanya kazi na PDP-8, maana simulizi zao ni nyingi na zinafanana. Mashine mpya haikujua lolote. Mtumiaji alisimama mbele ya paneli akaingiza programu fupi ya kupakia kwa swichi 12, neno moja moja, kila neno likiandikwa kwa tarakimu nne za mfumo wa nane. Programu hiyo ndiyo iliyovuta utepe wa karatasi wenye matundu kupitia Teletype ASR-33, mashine ya chapa iliyosoma herufi 10 kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe. Kumbukumbu ya kawaida ilikuwa maneno 4,096, na kila neno lilichukua safu mbili za matundu. Kuijaza yote ni karibu dakika 14 za kelele, na utepe ukichanika njiani unaanza upya. Nafuu ilikuwa kwamba kumbukumbu ya vipete vya sumaku haikupoteza kitu umeme ulipozimwa, hivyo programu ya kupakia ilidumu hadi siku ambapo programu yako mwenyewe, kwa kosa dogo tu, iliifuta. Maagizo ya msingi yalikuwa manane, na la kutoa halikuwamo: uligeuza namba iwe hasi, kisha ukajumlisha.

Wakongwe wanayasimulia haya kwa fahari, na siwanyimi. Lakini sikiliza wanachosimulia: swichi, utepe, kungoja. Ni simulizi za watu walioitumikia mashine.

Sasa weka kando yake maandishi mawili ambayo wanahistoria wa soko huyaruka. La kwanza ni kumbukumbu aliyoitoa Wesley Clark mwaka 1986 kuhusu LINC, kompyuta aliyoibuni katika Maabara ya Lincoln ya MIT, akisaidiana na Charles Molnar, na kuionyesha kwa mara ya kwanza Machi 1962. Clark hakuanza na biti. Alianza na mkuu wa maabara ya tiba na kiasi cha fedha ambacho mtu huyo angeweza kutumia bila kuomba kibali cha wakubwa: dola 25,000. Akataka pia kimo kisichomzuia mtu kuona upande wa pili wa chumba. Bei ilimshinda, hilo ni kweli. LINC iliyouzwa baadaye ilizidi dola 40,000. Lakini ilikuwa na skrini, kibodi, vitufe vya kuzungusha, na tepu ya sumaku ya kutia mfukoni, iliyogawanywa katika vipande 512 vya maneno 256 kila kimoja. Mwaka huohuo wa 1962 ilipelekwa Bethesda, katika maabara ya mtafiti Arnold Starr, ikachambua mwitiko wa ubongo wa paka jaribio likiwa bado linaendelea. Katika majira ya joto ya 1963 watafiti waliitwa Cambridge, Massachusetts, waziunganishe mashine zao kwa mikono yao wenyewe, kisha waondoke nazo. Mmoja wa waliopata LINC ni John Lilly, yule mtafiti wa pomboo.

Wanaosema zilijengwa kama 50 tu, hivyo si kitu, sina la kuwajibu. Kuna pingamizi zito kuliko hilo: LINC iliundwa kwa moduli za DEC, kwa hiyo, wanasema, ni mtoto wa DEC. Hili nalichukulia kwa uzito. Lakini anayeuza matofali hajachora nyumba, na tepu ya LINC ndiyo DEC waliyoifuata walipotengeneza DECtape yao.

Andishi la pili ni makala ya Mary Allen Wilkes ya Julai 1970 kuhusu LAP6, programu yake ya kuandikia na kurekebishia programu nyingine. Wilkes aliwahi kuiigiza LINC ndani ya kompyuta TX-2 hata kabla LINC yenyewe haijakamilika. Kundi la Clark lilipohamia St. Louis mwaka 1964, yeye hakuhama nalo. Mwaka 1965 LINC ikaletwa nyumbani kwa wazazi wake Baltimore, baba yake akiwa mchungaji, na LAP6 ikaandikwa humo. Mashine ilikuwa na maneno 2,048, nusu ya PDP-8. Hata hivyo mwandishi aliona maandishi yake kwenye skrini, akachomeka mstari katikati au kuufuta, na mengine yakasogea yenyewe, tepu ikibeba yasiyoenea kwenye kumbukumbu. Wakati huo mwenye PDP-8 ya kawaida, akikosea mstari mmoja, alitoboa utepe mpya. Wilkes baadaye akasomea sheria Harvard akawa wakili, na huenda ndiyo maana watu wa kompyuta walichelewa kumkumbuka.

Nova ya Data General, PDP-11 na VAX zilizofuata zina waandishi wake wa kutosha.

Linalobaki ni jambo ambalo wafuasi wa 1965 hulitaja kwa haraka. Mwaka 1966 DEC walitoa LINC-8, kasha moja lenye mashine mbili, PDP-8 na LINC. Mwaka 1969 wakaja na PDP-12, iliyoelewa maagizo ya zote mbili. Anayeanzia hesabu yake kwenye PDP-8 ana deni la kueleza kwa nini mshindi, mwaka mmoja tu baada ya ushindi wake, alimkaribisha aliyeshindwa ndani ya kasha lake, na kwa nini mwaka 1969 alikuwa bado hajamtoa.