Makato na zuio

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi humwambia msaidizi wake: “Mshahara wako una makato.” Maofisa wa kodi wana neno jingine: zuio. Maneno haya hayalingani.

Makato, kutoka kukata, hutazama upande wa mfanyakazi: fedha imepungua. Zuio, kutoka kuzuia, hutazama mkono wa mwajiri: fedha imeshikwa kwa muda, na mwenyewe ni mwingine. Mahakamani, zuio humsimamisha mtu asitende jambo. Kwenye kodi, husimamisha fedha isimfikie mlipwaji.

Chukua mshahara wa shilingi 400,000 Tanzania Bara. Mchango wa NSSF wa asilimia 10 ni 40,000, zinabaki 360,000. Kiwango cha 270,000 hakitozwi, kwa hiyo asilimia 8 inaangukia 90,000: kodi ni 7,200. Mwajiri anaizuia na kuiwasilisha TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha. Asipozuia, sheria humdai yeye.

Neno “makato” linampoteza mwajiri mdogo, kwa kuwa kilichokatwa huonekana kimerudi dukani. Akikinunulia saruji, amenunua kwa fedha ya Serikali.

Tahadhari moja ya matumizi: tozo ya kuendeleza ufundi stadi, inayowahusu waajiri wenye wafanyakazi 10 au zaidi, si makato wala zuio. Hukokotolewa kwa mishahara, lakini hutoka mfukoni mwa mwajiri. Ukiiona kwenye hati ya mshahara wako kama makato, uliza.