Buta, Burundi: Vijana 40 Waliokataa Kutengana

Alfajiri ya Aprili 30, 1997, waasi waliingia katika bweni la seminari ya Buta wakawaamuru wanafunzi wajitenge: Wahutu huku, Watutsi kule. Walikataa, na vijana 40 wakauawa. Wapo wanaosema vita vya Burundi walimouawa, vilivyowaka mwaka 1993, baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa, vilitokana na chuki ya asili. Lakini Wahutu, Watutsi na Watwa husema Kirundi kimoja na huishi kwenye vilima vilevile. Chuki ya asili isingehitaji amri ya mtutu wa bunduki. Utengano huu ulijengwa na siasa za kugombea dola na jeshi.

Ndiyo maana Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, uliosuluhishwa na Mwalimu Nyerere kisha Mandela, pamoja na Katiba ya 2005, viligawa madaraka: jeshi nusu kwa nusu kati ya Wahutu na Watutsi, serikali asilimia 60 kwa Wahutu na 40 kwa Watutsi. Wengine hudai mgao huo unaendeleza ukabila. Hoja hiyo ina uzito, ila mgao ulipunguza hofu ya kila upande kumezwa na mwenzake. Udugu wenyewe hauletwi na katiba. Ewe msomaji, ukiamriwa umtenge mwenzako, kataa.