Tundu la kifungo katika ufumaji wa mashine

Tundu la kifungo katika ufumaji wa mashine ni uwazi mdogo unaoachwa kwenye ukanda wa mbele wa sweta ili kifungo kipite. Kwenye shati la kitambaa, fundi anaweza kukata tundu baada ya kushona. Sweta haikatwi hivyo. Imeundwa kwa vitanzi vilivyoshikana, na kimoja kikikatika jirani zake huanza kufumuka. Kwa sababu hiyo tundu huundwa ukanda ukiwa bado kwenye mashine, na likikosewa mara nyingi ukanda wote hufumuliwa.

Mashine

Mashine ya kawaida ya nyumbani ina sindano 200 zilizopangwa kwa umbali wa milimita 4.5, ile ya uzi mnene ina umbali wa milimita 9. Kila sindano ina ndoano na ulimi mdogo, nayo hubeba kitanzi kimoja. Kigari kinachosukumwa kwa mkono hufuma mstari mzima kwa mkupuo mmoja. Wazo la kila kitanzi kuwa na sindano yake lilianza na mashine ya soksi ya William Lee huko Uingereza mwaka 1589.

Namna za kutengeneza

Njia rahisi ni kuhamisha kitanzi kimoja kwenda sindano ya jirani na kuiacha sindano tupu mahali pake pa kazi. Mstari unaofuata hulaza uzi juu yake, na mstari wa pili hukamilisha tundu. Hufaa nguo za watoto wachanga zenye vifungo vidogo. Kwa sweta ya shule, inayofungwa na kufunguliwa kila siku, tundu hili hulegea mapema.

Njia iliyo nadhifu zaidi hutumia kipande cha uzi wa rangi nyingine. Sindano tatu au nne za mahali pa tundu hufumwa kwa mkono kwa uzi huo, kisha hurudishwa kazini na kigari huendelea na uzi wa sweta kama kawaida. Ukanda ukishatoka mashinani, uzi wa sweta hupitishwa kwa sindano butu katika vitanzi vya chini na vya juu ya ule wa rangi, halafu wa rangi huchomolewa. Kingo hushonwa kwa mishono midogo isiyokazwa sana. Ikikazwa, tundu hujikunja kama mdomo. Uzi wa rangi uwe laini, kwani wenye manyoya huacha mabaki yasiyotoka.

Wengine hufunga vitanzi vitatu na kuvianzisha upya hapo hapo. Ni imara, ila pembe za tundu huwa na nafasi zinazohitaji kuzibwa kwa sindano.

Ukanda ukikunjwa mara mbili, kila tundu hufumwa mara mbili. Idadi ya mistari kutoka tundu la kwanza hadi mkunjo lazima ilingane na ile ya kutoka mkunjo hadi tundu la pili, la sivyo hayatakutana. Tabaka zote mbili hushonwa pamoja kuzunguka tundu.

Vipimo

Vifungo 6 vina nafasi 5 kati yake, si 6. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukosea. Chukua ukanda uliofumwa kwa urefu wa sweta, wenye vitanzi 121. Matundu 6 ya vitanzi 3 huchukua 18, na kingo mbili za vitanzi 4 huchukua 8. Hubaki 95, yaani vitanzi 19 kila nafasi.

Vifungo hununuliwa kabla ya kufuma, na tundu hujaribiwa kwenye kipande kidogo cha uzi uleule. Kwa kuwa kazi ya vitanzi hunyumbuka, tundu huwa dogo kidogo kuliko kifungo. Kwa desturi, matundu huwekwa upande wa kulia wa mvaaji kwa sweta za kike na wa kushoto kwa za kiume.