Wazanzibari Wawili na Sheria ya Kukabidhi Watuhumiwa

Tarehe 2 Oktoba 1896 manowari ya Kijerumani, Seeadler, iliingia bandari ya Zanzibar. Maji yalipojaa, mashua yake moja ilisogea hadi kwenye lango la bustani ya ubalozi mdogo wa Ujerumani. Sayyid Khalid bin Barghash alitoka bustanini na kutia mguu moja kwa moja ndani ya mashua hiyo, bila kukanyaga ardhi ya Zanzibar hata kwa hatua moja. Nje ya ubalozi walikuwako askari wa Kiingereza, waliowekwa hapo tangu mwishoni mwa Agosti ili wamkamate pindi atakapotoka.

Kisa cha vita vyenyewe kinajulikana. Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki Agosti 25, na Khalid akajitangaza mrithi bila idhini ya Waingereza. Asubuhi ya Agosti 27 meli za Admirali Rawson ziliishambulia kasri kwa mizinga kwa muda usiofika saa moja, na watu wapatao 500 upande wa Zanzibar wakauawa au kujeruhiwa. Vitabu vya shule huishia hapo, kwenye vita vifupi kuliko vyote duniani. Kwangu mimi, wiki tano zilizofuata zina uzito mkubwa zaidi, kwa sababu ndani yake mtu mmoja aliyekwisha kushindwa vita alilindwa na kifungu kimoja cha mkataba.

Waingereza walidai wakabidhiwe Khalid, aliyekuwa amekimbilia ubalozi wa Ujerumani. Wajerumani wakakataa. Mkataba wa kurejeshana wahalifu ambao nchi hizo mbili ziliutia saini mwaka 1872 uliwaondoa watuhumiwa wa makosa ya kisiasa. Muuaji au mwizi angerudishwa, lakini aliyegombea kiti cha enzi asingerudishwa. Bila shaka Wajerumani walikuwa na hesabu zao za kikoloni, na hawakumhifadhi kwa huruma tupu. Hata hivyo, hata dola lenye hila lililazimika kusubiri maji yajae ili lisivunje sheria. Kwa njia hiyo Khalid alifika Dar es Salaam na kuishi huko miaka mingi.

Kinga hiyo ilikuwa imeanza kujengwa Ulaya miongo michache kabla. Ubelgiji ilitunga sheria mwaka 1833 ya kukataza kuwarejesha wakimbizi wa kisiasa, na Uingereza ikafuata kwa sheria yake ya 1870. Kesi iliyoipima sheria hiyo ya Uingereza ilihusu mgeni, Angelo Castioni. Katika ghasia za Septemba 1890 kwenye jimbo la Ticino, Uswisi, kiongozi mmoja wa serikali ya jimbo, Luigi Rossi, alipigwa risasi akafa. Castioni alituhumiwa kwa mauaji hayo, akakimbilia Uingereza na kukamatwa huko. Mwaka huohuo mawakili wake waliwaomba majaji wa London wamwachie, wakadai kwamba risasi ile ilikuwa sehemu ya uasi wa kisiasa. Majaji wakakubali, na Castioni akaachiwa huru. Hakuna aliyesema hakuua. Kilichoamuliwa ni kama ilikuwa halali kumkabidhi.

Nikisikia watu wakisema kwamba wakili wa mtu anayetakiwa na nchi nyingine anamtetea mhalifu, huikumbuka kesi hiyo. Katika kesi za namna hii suala la hatia huachiwa mahakama ya huko anakotakiwa. Wakili anauliza mambo mengine. Je, kosa analotuhumiwa ni kosa katika nchi zote mbili? Je, atashitakiwa kwa kosa hilo peke yake, au akishafika ataongezewa mengine? Je, anasakwa kwa siasa zake? Je, huko atateswa au kunyongwa?

Interpol nayo imerithi sehemu ya fikra hizo. Ibara ya 3 ya katiba yake inaikataza kabisa kujiingiza katika mambo ya kisiasa, kijeshi, kidini au kirangi. Ile ilani nyekundu ambayo vyombo vyetu vya habari huiita hati ya kimataifa ya kukamata, kwa kweli si hati ya mahakama. Ni ombi kwa polisi wa nchi wanachama wamtafute mtu na wamzuie kwa muda, na kila nchi huamua kwa sheria zake uzito wa kuipa. Mtu anayeamini ilani yake imetolewa kwa hila anaweza kuipinga mbele ya tume ya kudhibiti mafaili ya shirika hilo, na wapo ambao ilani zao zilifutwa.

Khalid mwenyewe hakulindwa mpaka mwisho. Dar es Salaam ilipotekwa mwaka 1916, mkataba wa 1872 haukuwa na maana tena kati ya nchi mbili zilizo vitani. Waingereza walimtia mbaroni, wakampeleka uhamishoni Ushelisheli na Saint Helena. Baadaye waliruhusu arudi Afrika Mashariki, akafia Mombasa mwaka 1927.

Miaka 103 baada ya mashua ile, Mzanzibari mwingine alijikuta upande wa pili wa sheria hiyohiyo. Khalfan Khamis Mohamed alitafutwa kwa ajili ya bomu la Agosti 7, 1998 lililoua watu 11 katika ubalozi wa Marekani, Dar es Salaam. Alikuwa amekimbilia Cape Town kwa jina la uongo, akaomba hifadhi na kupata kazi kwenye mgahawa wa baga. Tarehe 5 Oktoba 1999 alikwenda kuhuisha kibali chake cha muda, akakamatwa. Kesho yake alikuwa ndani ya ndege akipelekwa New York na maofisa wa FBI. Hakufikishwa mbele ya hakimu yeyote wa Afrika Kusini.

Sina haja ya kumpamba mtu huyu. Waliokufa kwenye ubalozi ule, Oysterbay, walikuwa ndugu zetu, na uchungu wa familia zao hauna kipimo. Lakini Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, katika hukumu ya Mei 28, 2001, ilisema wazi kwamba serikali ilivunja katiba. Nchi iliyoifuta adhabu ya kifo mwaka 1995 haikuwa na ruhusa ya kumkabidhi mtu kwa nchi inayoweza kumuua, bila kwanza kupata ahadi kwamba hatauawa. Serikali ilijitetea kuwa mwenyewe alikubali kwenda. Majaji wakajibu kwamba ridhaa ya mtu asiyeijua haki yake si ridhaa. Ilijitetea pia kwamba ule ulikuwa uhamishaji wa kawaida wa mhamiaji haramu, nao wakasema jina la utaratibu halibadili wajibu. Kilichowauma zaidi ni kwamba Ujerumani ilikuwa imemkabidhi Marekani mshitakiwa mwenzake, Mamdouh Mahmud Salim, baada ya kuidai na kuipata ahadi hiyohiyo. Kumbe ingewezekana.

Mohamed alikuwa tayari kizimbani New York, hivyo majaji hawakuweza kumrudisha. Walichoweza kufanya ni kuamuru nakala kamili ya hukumu yao ipelekwe kwa mahakama iliyokuwa ikimshitaki. Siku iliyofuata alitiwa hatiani. Julai baraza la wazee wa mahakama lilishindwa kuafikiana juu ya kifo, na akafungwa maisha.

Mwaka 2012 mahakama hiyohiyo ilishikilia msimamo huo katika kesi ya Tsebe, pale Botswana ilipowataka watu wawili kwa tuhuma za mauaji na kukataa kuahidi kwamba hawatanyongwa. Hawakukabidhiwa. Hukumu hizo zina gharama, na wanaoilipa ni familia za waliouawa, zinazobaki zikisubiri kesi isiyosikilizwa.

Kwetu Afrika Mashariki mambo hayajatulia. Januari 2017 ndugu wawili wa familia ya Akasha walisafirishwa kutoka Kenya hadi Marekani kujibu mashitaka ya dawa za kulevya, ilhali kesi ya kuamua kama wakabidhiwe ilikuwa bado haijamalizika Mombasa. Baadaye walikiri makosa, na wengi walifurahi kwamba hatimaye wamefungwa. Furaha hiyo naielewa, maana unga umemaliza vijana wengi wa Pwani. Lakini ushahidi dhidi yao ulikuwepo, sheria ya kuwakabidhi ilikuwepo, na hakimu alikuwepo. Kesi ile ingeachwa ifike mwisho wake Mombasa, nao wangeweza kupandishwa ndege kwa amri ya mahakama.